Rubani Aliyegeuka Mtangazaji: Kenneth Wolstenholme katika Vita vya 1939–1945

Utangulizi

Kila mwaka, tunapofikia sura ya lugha ya michezo katika somo la mitindo, huwaagiza wanafunzi wasikilize redio siku ya mechi na kuorodhesha maneno ya mtangazaji. Orodha zao hurudi zikiwa karibu sawa: kushambulia, kulinda ngome, kuvamia lango, kufyatua kombora, kujibu mapigo, kusalimu amri. Hakuna anayeshangaa. Msamiati wa vita umeingia katika mpira wa miguu siku nyingi, na Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Lakini mwaka mmoja mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa alinyosha mkono na kuuliza: «Mwalimu, je, yuko mtangazaji aliyewahi kufyatua kombora kwelikweli?»

Makala haya ni jibu la swali hilo. Mtangazaji huyo yuko, na si mdogo. Kenneth Wolstenholme, aliyekuwa sauti ya kandanda katika televisheni ya BBC kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyetangaza fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1966, alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Alifanya safari 100 za kivita. Tunakusudia kueleza, kwanza, kazi hiyo ilikuwa ya namna gani. Pili, ni nani waliokuwa chini ya ndege zile. Na tatu, jambo gani mwanaisimu anaweza kujifunza kutokana na mtu aliyejua maana halisi ya maneno ambayo wengine huyatumia kama mapambo.

1. Kijana wa Lancashire

Wolstenholme alizaliwa tarehe 17 Julai 1920 huko Worsley, jimbo la Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Msomaji wa Katanga hatapata shida kuiwazia sehemu hiyo. Ni nchi ya migodi, viwanda na mifereji. Makaa ya mawe ya Worsley yalikuwa yakisafirishwa kwa mashua hadi Manchester tangu karne ya 18. Ni nchi ya mpira pia, kwani vilabu kadhaa vikongwe vya kandanda ya kulipwa vilizaliwa katika miji yake ya pamba. Kijana huyo aliingia katika uandishi wa habari mjini Manchester, na kabla ya vita kuanza alikuwa amejiunga na jeshi la akiba la anga. Jeshi hilo lilichukua raia wenye kazi zao za kawaida na kuwafundisha urubani, hasa mwishoni mwa juma. Kwa hiyo Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 3 Septemba 1939, makarani, waalimu na waandishi wa magazeti waliojifunza kurusha ndege wakati wa mapumziko walijikuta askari.

Yafaa ieleweke kwamba jambo hili halikumhusu yeye pekee. Watangazaji wengi wa michezo waliosikika Uingereza baada ya vita walipitia njia ya aina hiyo. Raymond Baxter alirusha ndege za kivita za Spitfire. Murray Walker, sauti mashuhuri ya mbio za magari, alikuwa afisa wa vifaru. Kizazi kizima kilitoka vitani moja kwa moja hadi kwenye kipaza sauti. Lakini kazi ya ndege za mabomu ilikuwa na uzito wa pekee, na takwimu zake zinatisha. Katika watu wapatao 125,000 waliohudumu kama wanahewa wa Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza, zaidi ya 55,000 walikufa. Kati ya kila watu kumi, zaidi ya wanne hawakurudi.

2. Blenheim: kuruka karibu na maji

Kikosi cha kwanza tunachopaswa kukitaja ni Kikosi namba 107, ambacho mwaka 1941 kilikuwa na kambi yake Great Massingham, jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kilitumia ndege aina ya Blenheim. Ilikuwa ndege ya injini mbili na watu watatu: rubani, msoma ramani ambaye pia aliangusha mabomu, na mpiga bunduki aliyekuwa pia fundi wa redio. Ilipobuniwa, katikati ya miaka ya 1930, ilisifiwa kwa mwendo wake. Vita vilipopamba moto sifa hiyo ilikwisha. Ndege za kivita za Ujerumani ziliipita kwa kasi na kwa silaha, nayo ilibeba mabomu ya takriban kilo 450 tu.

Mwaka 1941 Blenheim zilipewa kazi mbili, na zote mbili zilikuwa za mchana. Ya kwanza ilikuwa kushambulia meli za adui kando ya pwani ya Uholanzi na Ujerumani. Ya pili ilikuwa kushambulia bandari na vituo vya umeme. Ili zisionekane mapema, ziliruka chini sana, mita chache juu ya maji. Kosa dogo la mkono wa rubani lilitosha kuitumbukiza ndege baharini, na milingoti ya meli iliyolengwa ilikuwa hatari sawa na mizinga yake.

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 4 Julai 1941 Blenheim za Kikosi namba 105 na Kikosi namba 107 ziliushambulia mji wa Bremen mchana kweupe. Kumi na mbili zilifika juu ya mji huo, zikapita chini ya nyaya za umeme na kati ya paa za nyumba. Nne ziliangushwa. Kamanda wa Kikosi namba 107, Laurence Petley, alikufa siku hiyo. Kiongozi wa shambulio, Hughie Edwards wa Kikosi namba 105, alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza. Tunautaja mji wa Bremen kwa sababu tutaurudia hapa chini, katika habari ya mpira.

Katika kazi ya namna hiyo, rubani aliyemaliza zamu yake akiwa hai alikuwa na sababu ya kushukuru. Wolstenholme aliimaliza. Baadaye akahamia kwenye ndege nyingine na kwenye vita vya namna nyingine kabisa.

3. Ndege ya mbao

Ndege hiyo ya pili iliitwa Mosquito, yaani mbu. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, na jambo la ajabu ni kwamba ilijengwa kwa mbao: tabaka nyembamba za mti zilizogundishwa pamoja, zilizotengenezwa na mafundi ambao baadhi yao walikuwa maseremala wa samani. Ndege ya mbao haikutumia madini yaliyokuwa yakigombaniwa na viwanda vyote vya silaha. Ilikuwa na injini mbili na watu wawili tu, rubani na msoma ramani, walioketi bega kwa bega. Ile ya mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Silaha yake ilikuwa mwendo na kimo.

Kikosi namba 105 kilikuwa cha kwanza kupewa Mosquito za mabomu, mwezi Novemba 1941. Historia yake ina tukio moja ambalo mwanafunzi wa utangazaji hana budi kulijua. Tarehe 30 Januari 1943 utawala wa Hitler ulikuwa ukiadhimisha miaka kumi tangu kushika madaraka, na saa tano asubuhi Göring alitazamiwa kuhutubia taifa kwa redio. Saa hiyohiyo Mosquito tatu za Kikosi namba 105 zilitokea juu ya Berlin. Hotuba ilicheleweshwa kwa muda unaozidi saa moja, na wasikilizaji wakabaki wakisubiri. Alasiri ndege tatu za Kikosi namba 139 zilirudia mchezo huohuo kwa ajili ya hotuba ya Goebbels, moja haikurudi. Madhara ya mabomu yale yalikuwa madogo. Shabaha yenyewe ilikuwa kipaza sauti: kuwaonyesha Wajerumani kwamba sauti iliyojidai kutawala anga inaweza kunyamazishwa kutoka angani.

Katika kikosi hicho ndimo Wolstenholme alimorukia Mosquito. Mtu ambaye baadaye angeishi kwa kipaza sauti alihudumu katika kikosi kilichowahi kukinyamazisha kimoja.

4. Vita vya masikio

Ili tuelewe kazi ya Kikosi namba 105 kuanzia katikati ya mwaka 1943, hatuna budi kueleza tatizo lililokuwa likiwasumbua Waingereza. Mwezi Agosti 1941 uchunguzi wa picha zilizopigwa kutoka katika ndege za mabomu ulionyesha kwamba, kati ya marubani waliodhani wamepiga shabaha, ni mmoja tu katika watatu aliyefika ndani ya kilomita nane za shabaha hiyo. Juu ya bonde la Ruhr, penye viwanda vingi na moshi mwingi, alikuwa mmoja katika kumi. Usiku, mtu hakuona kitu.

Jibu lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, mwezi Agosti 1942 kiliundwa Kikosi cha Watafuta-Njia, chini ya Mwaustralia Don Bennett, ambacho kazi yake ilikuwa kutangulia mbele na kuwasha taa za rangi juu ya shabaha ili mamia ya ndege kubwa zilizofuata zijue mahali pa kuangusha mabomu. Pili, wahandisi wa redio walibuni mtambo ulioitwa Oboe. Kikosi namba 105 kiliingizwa miongoni mwa Watafuta-Njia mwezi Juni 1943, kikawa kimoja kati ya vikosi viwili vilivyofanya kazi kwa mtambo huo.

Oboe ni jina la zumari la Kizungu, na mtambo uliitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake. Vituo viwili vya redio katika pwani ya Uingereza, kimoja karibu na Dover na kingine katika pwani ya Norfolk, vilipima umbali wa ndege. Kituo cha kwanza kilimwongoza rubani afuate tao moja la duara, lenye kupita juu ya shabaha. Akiwa sawasawa juu ya tao lile, alisikia masikioni mlio mmoja usiokatika. Akipotoka kwenda upande mmoja alisikia nukta; akipotoka kwenda upande wa pili alisikia vistari. Kituo cha pili kilimpa msoma ramani ishara ya kuangusha taa. Kwa kuwa mawimbi hayo hayapindi kufuata mviringo wa dunia, ndege ilibidi iruke juu sana, karibu mita 9,000, mahali ambapo Mosquito iliweza kufika. Dakika kumi za mwisho zilikuwa ngumu kuliko zote: rubani hakuruhusiwa kukwepa mizinga wala kugeuka. Alitakiwa kusikiliza tu, na kuutunza mlio ule usikatike.

Hapa ndipo mwanaisimu anaposimama kidogo. Tumezoea kudhani kwamba rubani wa vita ni mtu wa macho. Rubani wa Oboe alikuwa mtu wa masikio. Hakuona mji alioushambulia. Alichokuwa nacho ni alama tatu za sauti, yaani mfumo mdogo kabisa wa lugha: mlio wa kuendelea, nukta, na vistari, na kila alama ilipata maana yake kwa kutofautiana na nyingine. Ingemsahaulisha Saussure uchovu wake kuona nadharia yake ikifanya kazi katika baridi ya mita 9,000, na uhai wa maelfu ukining'inia kwenye tofauti kati ya nukta na kistari.

Kazi hiyo haikuishia Ruhr. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, Mosquito za Oboe ziliwasha taa juu ya ngome za mizinga katika pwani ya Normandie, saa chache kabla ya majeshi ya Washirika kushuka ufukoni. Hatari ya Mosquito ilikuwa ndogo kuliko ya ndege kubwa: chini ya moja ilipotea kwa kila safari mia. Lakini mtu aliyetoka katika Blenheim na kuendelea hadi safari 100 alikuwa amemshinda mhesabu wa bahati mara nyingi. Wolstenholme alitunukiwa nishani ya DFC, itolewayo kwa ushujaa angani, kisha akaipata mara ya pili.

5. Waliokuwa chini

Makala ya historia yakiishia kwenye nishani hayajawa historia bado. Taa za rangi zilizoshushwa na Watafuta-Njia zilikuwa na jina miongoni mwa Wajerumani: waliziita miti ya Krismasi. Aliyeiona miti hiyo ikining'inia juu ya mtaa wake alijua kwamba zimebaki dakika chache. Mashambulio ya anga yaliwaua Wajerumani ambao wanahistoria wanawakadiria kuwa kati ya laki tatu na laki sita, wengi wao raia. Hamburg, mwezi Julai 1943, ilipoteza watu zaidi ya 30,000 katika usiku chache. Dresden, mwezi Februari 1945, ilipoteza watu wapatao 25,000.

Haki inatudai tuseme mambo mawili pamoja. La kwanza, vita hivi vilianzishwa na utawala uliokuwa ukiangamiza mataifa mazima, na uliokwisha kuteketeza Warszawa, Rotterdam na Coventry kabla ya miji yake yenyewe kuteketezwa. La pili, mtoto aliyekufa ndani ya handaki huko Essen hakuwa na habari ya hayo. Vikosi vilivyowasha taa juu ya Dresden vilikuwa vingine, si cha Wolstenholme. Lakini bonde la Ruhr na miji kama Essen, Duisburg, Dortmund na Köln ilikuwa ndani ya mkono wa Oboe. Waingereza wenyewe walichelewa kujua la kufanya na kumbukumbu hiyo. Wanahewa wa mabomu hawakupewa medali ya kampeni yao wenyewe vita vilipokwisha. Mnara wa kuwakumbuka mjini London ulizinduliwa mwezi Juni 2012, miaka kumi baada ya Wolstenholme kufa.

6. Kipaza sauti

Baada ya vita Wolstenholme alirudi katika uandishi wa habari, akaingia BBC, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa sauti kuu ya kandanda katika televisheni. Tarehe 22 Agosti 1964 ndiye aliyefungua kipindi cha Match of the Day, kwa mechi ya Liverpool na Arsenal uwanjani Anfield. Hapo ndipo mambo mawili ya maisha yake yanapokutana, bila kelele na bila mtu kuyaita.

Kipa maarufu wa Manchester City katika miaka ile alikuwa Bert Trautmann. Alizaliwa Bremen mwaka 1923, akawa askari wa miavuli wa Ujerumani, akatekwa mwaka 1945, na baada ya kuachiliwa akachagua kubaki Uingereza. City ilipomsajili mwaka 1949, maelfu waliandamana kumpinga. Kiongozi wa dini wa Wayahudi mjini humo, Alexander Altmann, ambaye mwenyewe alilazimika kuikimbia Ujerumani ya Hitler, aliandika kuwaomba watu wasimhukumu mtu mmoja kwa makosa ya taifa zima. Mwaka 1956 Trautmann alimaliza fainali ya Kombe la FA akiwa amevunjika mfupa wa shingo, na uwanja uliowahi kumzomea ukamshangilia. Vikosi namba 105 na 107 vilikuwa vimeushambulia mji wake wa kuzaliwa mwaka 1941. Sasa rubani wa zamani wa vikosi hivyo alikuwa mtu wa kulitamka jina lake kwa heshima mbele ya watazamaji wa Uingereza.

Kisha ikaja tarehe 30 Julai 1966, Wembley: Uingereza na Ujerumani Magharibi. Tuitazame timu ya wageni kwa jicho la mwanahistoria. Kocha wao, Helmut Schön, alizaliwa Dresden mwaka 1915 na aliichezea Dresdner SC, mabingwa wa Ujerumani mwaka 1943 na 1944. Nahodha, Uwe Seeler, alizaliwa Hamburg mwaka 1936. Kipa, Hans Tilkowski, alizaliwa Dortmund mwaka 1935. Hawa walikuwa watoto wa miti ya Krismasi. Na mtu aliyewatangaza kwa mamilioni ya watu katika Uingereza alikuwa rubani wa Watafuta-Njia.

Magazeti kadhaa ya Uingereza hayakujizuia kuchezea kumbukumbu za vita. Wolstenholme alitangaza mpira. Wolfgang Weber aliposawazisha dakika ya mwisho, aliisema habari hiyo kama ilivyo. Mpira wa Geoff Hurst ulipogonga mwamba na kudunda kwenye mstari, mwamuzi wa pembeni kutoka Azerbaijan, Tofiq Bahramov, akathibitisha kuwa ni goli, Wolstenholme alisubiri uamuzi pamoja na watazamaji wote.

Sekunde za mwisho, huku Hurst akikimbia na mpira, watazamaji wachache waliingia uwanjani. Wolstenholme alisema kwa maneno machache kwamba kuna watu uwanjani na wanadhani yamekwisha. Hurst akapiga, nyavu zikatikisika, naye akaongeza kwamba sasa ndiyo yamekwisha. Uingereza 4, Ujerumani Magharibi 2. Maneno yale yakawa mashuhuri kuliko yote katika historia ya utangazaji wa michezo wa nchi hiyo.

7. Nani kamaliza, na kipi kimekwisha?

Turudi katika orodha ya wanafunzi wangu. Katika maneno yale mashuhuri hamna kombora, hamna ngome, hamna kusalimu amri. Kuna watu, kuna kudhani, kuna «sasa». Rubani aliyefundishwa kwamba mlio mmoja una maana moja tu hakuwa na haja ya kuyapamba yaliyokuwa yakionekana. Sidai kwamba vita ndivyo vilivyomfundisha kunena machache. Televisheni yenyewe humlazimisha mtangazaji asirudie yale ambayo macho yameshayaona. Lakini ni haki kusema kwamba aliyejua uzito wa bomu hakulitumia bomu kama tashibihi siku ile ambayo wengine walikuwa na kishawishi kikubwa cha kufanya hivyo.

Aidha, maneno yale yana somo kwa mfasiri. Kwa Kiingereza kiwakilishi ni kimoja na hakisemi ni kitu gani kilichokwisha. Kiswahili hakiruhusu hali hiyo. Upatanisho wa ngeli unatudai tuchague: mchezo umekwisha, mechi imekwisha, vita vimekwisha, mambo yamekwisha. Hapo juu nimeandika «yamekwisha», kwa kuwa ndiyo ngeli pana kuliko nyingine, inayoweza kubeba mambo yote kwa pamoja. Nilipowapa wanafunzi sentensi hiyo waitafsiri, wengi waliandika «umekwisha», wakikusudia mchezo. Mmoja aliandika «vimekwisha». Alipoulizwa, alijibu kwamba alikosea. Sikumpa alama ya kosa.

8. Sisi na vita hivyo

Msomaji wa Lubumbashi anaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa mwezi Julai 1941, siku zilezile za shambulio la Bremen, askari wa Kongo wa Force Publique walikuwa Saio, Uhabeshi, wakipokea silaha za jeshi la Italia lililosalimu amri chini ya Jenerali Gazzera. Madini ya Shinkolobwe yaliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Tulikuwamo katika vita hivyo, kwa miguu yetu na kwa udongo wetu.

Na tulikuwa na uwanja wetu pia. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière hapa Elisabethville, waliochoshwa na mishahara midogo huku kazi ikiongezwa kwa ajili ya vita, waligoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakaamriwa kufyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, akiwemo msemaji wao Léonard Mpoyi. Siku ile kulikuwa na watu uwanjani, nao walidhani kwamba mazungumzo yanaendelea.

Wachoraji wa mji wetu wameikumbuka siku hiyo katika picha zao. Watangazaji wetu wa mpira hawaitaji. Silaumu. Kazi yao ni mchezo. Lakini mwanafunzi wa lugha anaposikia redioni kwamba mchezaji «amefyatua risasi», yafaa ajue kwamba katika mji huu maneno hayo na uwanja wa mpira viliwahi kukutana bila tamathali yoyote.

Hitimisho

Wolstenholme aliiacha BBC mwaka 1971, fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Ajax na Panathinaikos ikiwa kazi yake ya mwisho kubwa huko. Alifariki dunia tarehe 25 Machi 2002 akiwa na umri wa miaka 81. Maisha yake yanatuonyesha kwamba lugha ya vita na lugha ya mchezo zinaweza kukaa katika kinywa kimoja bila kuchanganyika, mradi mwenye kinywa ajue tofauti yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa kiti cha nyuma nimemjibu hivi: ndiyo, mtangazaji huyo alikuwako, na aliponena kuhusu mpira aliyaacha makombora mahali pake. Nimemwongezea zoezi. Aichukue orodha yake ya maneno ya redioni, na mbele ya kila neno aandike jina la mtu mzima wa mtaani kwake aliyelijua neno hilo kabla halijawa la mchezo. Sisi ambao tumetangaziwa mara nyingi kwamba vita vimekwisha hatutakosa wa kuwauliza.